Hodi ya Manowari

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani, na wakubwa wake hushikilia kwamba kosa ni la ramani. Inaitwa Jamhuri ya Shwari. Katikati yake pana ziwa kubwa, na kwa kuwa ikulu, benki, hospitali na mabomba ya maji vyote viko upande mmoja wa ziwa, upande huo huitwa Nchi. Ule wa pili huitwa Ng'ambo. Msinielewe vibaya, watu wa Ng'ambo nao walikuwa raia, tena raia wazuri kabisa. Walipiga kura kila walipoambiwa, na walimpigia waliyeambiwa.

Shida yao ilikuwa moja tu, gati. Meli ilipofika kwao ilisimama mbali, abiria wakabebwa mgongoni ndani ya maji, mgonjwa abebwe, mjamzito abebwe. Wakaomba gati. Serikali, ambayo haijapata kuwa na roho mbaya, ikawapelekea waziri akaweka jiwe la msingi. Baadaye akaja waziri mwingine akaweka jiwe lake, maana hangeweza kujenga juu ya jiwe la mwenzake aliyekwisha kutumbuliwa. Ikawa kila uchaguzi na jiwe lake, mpaka ufuko wa mji wa Lukuyu ukajaa mawe ya marumaru yenye majina ya waheshimiwa kwa herufi za dhahabu. Saruji, waliambiwa, iko njiani.

Basi watu wa Ng'ambo wakafanya jambo ambalo mpaka leo walimu hulitaja kwa sauti ya chini. Waliyakusanya yale mawe ya msingi, wakayapanga majini, wakashindilia kokoto na udongo wa kichuguu, wakapata gati. Hawakumwita waziri wala hawakukata utepe. Meli ikaegeshwa ubavuni mwake siku hiyohiyo, na wajawazito wakapanda kwa miguu yao wenyewe.

Ikulu ilipopata habari kwamba liko gati linalotumika bila kuzinduliwa, tena watu wanayakanyaga majina ya mawaziri kwa kandambili, Rais hakula chakula cha mchana. Gati likatangazwa kuwa haini. Watu wa Ng'ambo wakasema hawalibomoi, anayetaka libomoke aje mwenyewe. Hivyo ndivyo wananchi wa Shwari walivyoingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, ingawa neno vita lilipigwa marufuku mapema na redio ikaamriwa iseme Kutoelewana.

Sasa tuje kwa Zebedayo Kalunde, maana huyu ndiye tutakayekaa naye.

Kalunde alikuwa mshika usukani wa Tulia, stima ndogo yenye bomba moja la moshi, sitaha moja, na choo kimoja kisichofungika. Tulia ilikuwa imezeeka kwa kubeba dagaa, magodoro, mabibi harusi na maiti, wakati mwingine wote safari moja. Jeshi la Shwari lilikuwa na majemadari wa majini wa kutosha lakini halikuwa na meli hata moja, kwa hiyo Tulia ikaandikishwa jeshini pamoja na mshika usukani wake. Hawakuulizwa, si yeye wala stima.

Aliyepewa kuigeuza iwe manowari ni Kanali Evaristi Bugalama. Kabla ya Kutoelewana, Kanali alikuwa Mkurugenzi wa Itifaki, mtu aliyejua nani akae kiti gani na nani asimame. Kuogelea hakujui. Ndani ya magwanda yake alivaa tyubu ya tairi la trekta iliyojazwa upepo, na askari wake walimheshimu sana kwa kuwa alionekana ameshiba.

Mzinga waliutoa kwenye mzunguko wa barabara mbele ya posta, ulikokuwa ukipigwa picha na watalii. Risasi zake hazikuwapo, basi wakaujaza makufuli na bawaba za milango kutoka wizarani. Kuta za chuma za kuikinga meli hazikupatikana. Hapo ndipo Kanali alipokumbuka kwamba kwenye ghala la serikali kuna mifuko ya saruji, ile ile iliyokuwa njiani kwenda Ng'ambo miaka yote hiyo. Wakaipanga ukingoni mwa sitaha pande zote. Saruji ya gati ikaanza safari ya kwenda kulivunja gati, na Kalunde, aliyewahi kuulizwa habari za saruji hiyo na kila abiria wa Lukuyu, akaitazama akaona haya kana kwamba yeye ndiye aliyeichelewesha.

Ikabaki jina. Kanali alitaka iitwe Radi ya Taifa. Mchoraji akapanda ngazi na kopo lake la rangi, akauliza, "Afande, radi hii ni ya di au ya dhi?"

Kanali hakupenda kuonekana hajui. "Weka herufi zote," akasema. "Bajeti ipo."

Manowari ya kwanza ya Shwari ikaenda vitani imeandikwa RADHI YA TAIFA, ubavu wa kushoto na wa kulia. Kalunde aliisoma, akaona meli imetangulia kuomba radhi. Alidhani ni adabu.

Kabla sijaendelea lazima niwaeleze habari ya honi, la sivyo hamtanielewa.

Kila mwenye stima ana namna yake ya kupiga honi. Ya Kalunde ilikuwa hodi. Tangu alipokabidhiwa usukani, akifika penye jabali jeupe nje ya Lukuyu, mkono wake wa kulia ungeinuka, akavuta kamba ya honi mara moja fupi na mara moja ndefu, hooo-dii, halafu akavuta tena, na ile ya mwisho akaiachia taratibu ili sauti iteremke kama ya mtu anayeuliza wenyewe mpo. Alilelewa na bibi yake, na kwa bibi huyo mtu aliyeingia mahali bila hodi alirudishwa nje aanze upya, awe mgeni, awe mwenyewe. Na watu wa Lukuyu, wenye adabu kama yeye, hawakuiacha hodi bila jibu. Nyumba zote za mlimani ziliitikia kwa pamoja, karibuuu, kisha watu wakateremka.

Wa kwanza kufika siku zote alikuwa Bi Stamili, mwuza vitumbua, na sinia lake kichwani. Bi Stamili aliiita Tulia dada yake, kwa hiyo Kalunde akawa shemeji. "Shemeji, dada yangu humlishi?" angesema. "Mbona anakohoa hivyo?" Kalunde angecheka, angekula kitumbua, na huo ndio uliokuwa uhusiano wa kimataifa kati ya Nchi na Ng'ambo.

Usiku wa kuamkia mashambulizi, Kalunde alimwendea Kanali. Alikuwa na swali moja.

"Afande, tunakwenda kupiga watu?"

"Watu gani, Mzee Kalunde?" Kanali alishangaa kweli. "Mimi ni mtu wa itifaki. Tunakwenda kubomoa jengo lisilo na kibali. Tutafika alfajiri, kimya kimya, na saa hiyo pale gatini hapana hata paka. Tunapiga mawe, tunarudi, tunakunywa chai."

Kalunde akashusha pumzi. Mawe hayana mama. Akajilaza karibu na usukani wake akapata usingizi, na usingizi huo ndio atakaoujutia kuliko mwingine wowote, maana ulikuwa mtamu.

Wakaondoka. Ziwa lilichafuka kidogo, maji yakarukia sitahani, yakalowesha saruji. Saruji, kwa kuwa ilikuwa nzuri, ikafanya kazi yake. Kabla ya nusu ya safari ukuta wa kushoto ulikuwa umeganda ukawa jabali, na RADHI YA TAIFA ikawa inakwenda kiubavu kama mtu mwenye jipu. Kanali akaandika kwenye taarifa yake kwamba meli imeinama kwa makusudi, kumkwepa adui.

Alfajiri ikawakuta penye jabali jeupe. Hewa ilikuwa ya baridi, maji yametulia, harufu ya moshi wa jikoni inatoka mlimani. Amri ya Kanali ilikuwa imekataza kila kitu: kukohoa, kuvuta sigara, kuvaa viatu vya visigino. Honi haikutajwa, kwa sababu hakuna ambaye angefikiri kutaja jambo kama hilo.

Mkono wa Kalunde ukainuka.

Aliapa baadaye kwamba hakuamua, na mimi namwamini. Jabali lilikuwa pale, kamba ilikuwa pale, na mkono ulikuwa umekwenda njia hiyo maisha yake yote. Hooo-dii. Akavuta tena, akaiachia taratibu. Sauti ilipokuwa inateremka ndipo akili ilipoufikia mkono, lakini tayari mlima wote ulikuwa umeitikia.

Karibuuu.

Wakaja. Walikuwa hawajaiona meli tangu Kutoelewana kuanze, hawana chumvi wala dawa, na sasa Kalunde anapiga hodi. Kila mmoja alielewa jambo moja tu, kwamba yamekwisha. Waliteremka mbio na vikapu, na wagonjwa juu ya vitanda vya kamba, na kuku, na mzee mmoja amevaa koti lake la safari. Mbele yao wote Bi Stamili na sinia, na nyuma yake kijana wake Rehani amembebea ndoo ya uji. Gati likajaa.

"Afande," Kalunde alisema, "hao ni abiria."

Kanali alikuwa na darubini. "Naona mkusanyiko usio na kibali," akasema. "Tena wamejipanga ovyo. Mzinga uko tayari?"

"Afande, nakuomba. Ni abiria. Wameitikia hodi."

"Hodi ya nani?"

 Kalunde aliukamata usukani akauzungusha kwa nguvu zake zote ili ageuze meli, lakini RADHI YA TAIFA ilikuwa na ukuta wa mawe ubavuni, haikugeuka. Akatoka nje akapunga mikono, rudini, rudini. Watu wa gatini nao wakampungia, kwa furaha.

Mzinga ukalia. Kishindo chake kiliirudisha meli nyuma na kumwangusha Kanali, ambaye kwa sababu ya tyubu alidunda. Moshi ulipoondoka gati lilikuwa palepale, halina hata ufa, maana mawaziri wa Shwari walikuwa hawabani mkono kwenye marumaru. Watu ndio hawakuwa kama walivyokuwa. Sinia la Bi Stamili lilikuwa linaelea, na vitumbua vyake vinaelea kando, na kutoka gatini kulikuwa na sauti ambayo Kalunde hajapata kumweleza mtu yeyote ilivyokuwa.

Redio ikatangaza ushindi. Ikasema adui alishawishiwa kutoka maficho yake kwa mbinu ya hali ya juu, nayo mbinu ikapewa jina, Operesheni Hodi. Kanali alikuwa mtu mwepesi wa kuelewa. Alijua akisema kwamba mshika usukani wake alikosea, naye amekosea. Basi Kalunde akaitwa ikulu kuvalishwa Nishani ya Mlango Wazi, daraja la kwanza.

Rais mwenyewe alimbandika. "Hebu waeleze wenzako," alisema mbele ya vipaza sauti, "ulifikiria nini hata ukapata mbinu ya namna ile?"

Kalunde alikuwa amekonda. Alikuwa amejipanga aseme ukweli wote, liwalo na liwe. "Mheshimiwa Rais, sikufikiria. Ni mazoea tu."

Rais akageukia umati. "Mmemsikia? Kwa mazoea. Wengine wanapigana kwa hasira, wengine kwa posho, huyu kwa mazoea. Wanajeshi wa namna hii ndio ninaowataka." Wakapiga makofi mpaka Kalunde akaketishwa, na ukweli wake akarudi nao nyumbani ukiwa mzimamzima.

Nyumbani napo kukawa na jambo. Mkewe, Perusi, alianza kumkuta amesimama nje ya mlango wa nyumba yao wenyewe, kofia mkononi, jua linamwakia. "Baba, mbona huingii?"  Neno la kuingilia lilikuwa limemganda mdomoni. Perusi akawa anauacha mlango wazi mchana kutwa ili mumewe aingie kama paka.

Ikaja amri ya pili. Kanali alitaka mbinu ileile ikatumike Mbugita, mji mdogo kusini mwa Lukuyu ambao habari zilikuwa hazijaufikia vizuri. Safari hii Kalunde alikwenda macho makavu. Walipoukaribia mji, akaishika kamba, akaivuta, asiiachie. Honi ikalia mfululizo, bila pumzi, bila swali, mpaka mvuke ukapungua kwenye boila.

Mtu yeyote wa ziwani anaijua honi hiyo. Ni ya mwaka wa kipindupindu, na maana yake ni: msinisogelee, nimebeba kifo. Mbugita nzima ikakimbilia milimani. Kanali akauteka mji, na ndani yake akakuta mbuzi wawili na sufuria ya maharage jikoni. Redio ikasema adui sasa anakimbia kwa kusikia sauti tu. Nishani ya pili ikabandikwa kando ya ya kwanza.

Mngedhani mtu huyu sasa angepata nafuu. Hakupata. Alikaa karibu na usukani, askari wakila maharage ya watu, akautazama mkono wake. Kamba ni ileile, honi ni ileile. Hata Lukuyu, baada ya kuitikiwa, palikuwa na nafasi. Badala ya kuhangaika na usukani na kupunga mikono, angeivuta kamba tu, angeishikilia, na watu wangegeuka palepale njiani. Alikuwa anaijua honi hiyo siku zote. Hakuikumbuka. Angekuwa hawezi kuwaokoa, angelia yaishe. Lakini alikuwa anaweza, na jambo hilo lilimkaa kifuani asipate kulimeza wala kulitema.

Kutoelewana kuliisha kama kunavyoishaga. Wakubwa wa pande zote mbili walikutana hotelini katika nchi ya tatu, wakagawana wizara, wakakumbatiana, na redio ikatangaza kwamba hakukuwa na Kutoelewana kokote, ila wananchi walielewa vibaya. Stima ikarudishiwa jina lake la Tulia. Saruji haikubanduka, kwa hiyo mpaka leo inakwenda imeinama. Kanali Bugalama akawa Waziri wa Magati na Maridhiano, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenda Lukuyu kulizindua rasmi lile gati.

Wakaenda, Waziri na utepe wake, mpiga picha, na Kalunde kwenye usukani. Penye jabali jeupe Waziri akaja kwenye chumba cha usukani. Kwa heshima ya siku hiyo alikuwa hakuvaa tyubu.

"Mzee Kalunde, piga hodi."

"Mheshimiwa, mpe mwingine apige. Au tuingie kimya."

"Uzinduzi bila watu ni uzinduzi gani? Na mwingine nani? Wale wanaujua mkono wako."

"Ndiyo, mheshimiwa," Kalunde alisema. "Wanaujua."

Lakini alipiga. Pengine alitaka kusikia wenyewe watasema nini. Hooo-dii. Akavuta tena, akaiachia taratibu, sauti ikateremka ikaisha. Mlima ulinyamaza. Halafu milango ikaanza kufungwa, mmoja baada ya mwingine, na watu wakaonekana wakipanda juu, akina mama wamewashika watoto mikono, hakuna anayepiga kelele, hakuna anayegeuka nyuma.

Gatini alikuwapo mtu mmoja. Bi Stamili ameketi juu ya jina la waziri fulani, sinia jipya miguuni. Kalunde alimwona tangu mbali. Alishuka akiwa wa kwanza, Waziri nyuma yake.

"Shemeji," Bi Stamili alisema kwa sauti kubwa mno, sauti ya mtu asiyejisikia. "Nimeuona moshi wa dada yangu. Usinisemeshe, masikio yalikufa siku ile. Yalikufa, na Rehani nikamzika." Alimwangalia uso wote, kisha akaonyesha mlimani kwa kidevu. "Wale hawanijui tena. Wanasema aliyetuita ni Kalunde. Nawaambia Kalunde namjua mimi, amekula vitumbua vyangu. Walimfunga kamba, wakapata mtu wa kumwiga. Nimegombana nao wote kwa ajili yako, mpaka wakwe zangu. Sasa umekuja. Nitingishie kichwa tu niende nikawaambie. Hukuwa wewe."

Waziri alimsogelea Kalunde sikioni. "Tingisha kichwa, mzee. Huyu ndiye umati wote tulio nao."

Ilikuwa rahisi. Asingehitaji hata kusema uongo, kichwa tu, kulia na kushoto, na mama huyu angepanda mlima akiwa na furaha yake iliyobaki. Kalunde alitaka kufanya hivyo. Alitaka kuliko alivyopata kutaka kitu chochote. Aliinua mkono wa kulia, akauweka kifuani kwake, akauacha hapo.

Bi Stamili aliutazama ule mkono. Akamtazama usoni, kuona kama ameelewa vibaya, akautazama tena.

"Haya," alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

Akafunika vitumbua kwa kitambaa, akajitwisha sinia, akapanda mlima polepole walikokwenda wenzake. Kalunde alimfuata kwa macho mpaka akapotea kwenye migomba. Waziri akatazama saa yake, akamwita mpiga picha, akakunjua utepe. Haukuwa na mtu wa kuushika upande wa pili, kwa hiyo akampa Kalunde. Waziri akaukata, akaugeukia mlima mtupu, akafungua karatasi zake.

"Ndugu wananchi," akasema, "nawashukuru kwa kuitikia."